Uvimbe wa taya, mbu na askari wa damu

Nawaandikia ninyi wa Musoma, Tarime, Rorya na kwingineko kutoka Misfat al Abriyeen. Maji ya falaji yanateremka kwenye mitende kama kawaida. Leo nawasimulia historia ya ugonjwa mmoja wa watoto unaotuhusu sana watu wa Mara: taya linavimba, meno yanalegea, na watu wanaanza kusema mtoto karogwa.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akaona mwingine Jinja. Akaandika habari hizo mwaka 1958, kisha mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari wakasafiri kama kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Wakagundua kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi haupo. Yaani ramani yake ilifanana na ya malaria.

Huko London, Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia mwaka huohuo, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona virusi kwa hadubini ya elektroni. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr, na ndivyo vya kwanza kujulikana kuwa vinahusika na saratani ya binadamu.

Sasa vinafanyaje? Kwenye damu tuna askari, seli nyeupe. Seli B zinatengeneza kingamwili, seli T zinawinda seli zilizovamiwa. Virusi hivi vinaambukizwa kwa mate, na zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanavyo. Vinaingia kwenye seli B, vinazisukuma zizaliane, halafu vinajificha humo maisha yote. Kwa kawaida seli T zinavidhibiti, ndiyo maana wengi wetu hatuna habari navyo.

Tatizo ni malaria ya mara kwa mara. Inazichosha seli T, na huku inazichochea seli B zizaliane kwa pupa. Katika pupa hiyo kromosomu zinaweza kukatika na kuungwa pasipo pake. Kipande cha namba 8, chenye jeni iitwayo MYC inayoamrisha seli zigawanyike, mara nyingi huishia kwenye namba 14, na hapo amri haizimiki tena. Uvimbe unaweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Seli hizo zikijaa kwenye uboho wa mifupa, inakuwa saratani ya damu.

Mara tumo katika historia hii. Mwaka 1977 hadi 1982, watoto wa kaskazini mwa mkoa wetu waligawiwa klorokwini ili waonekane kama malaria ikipungua saratani nayo itapungua. Ilipungua kweli, lakini ilikuwa imeanza kushuka kabla ya vidonge, kwa hiyo jibu halikukamilika.

Kuna mzee hapa, amekulia Unguja, aliniuliza kama kwetu malaria bado ipo. Nikamwambia ipo sana. Akanikumbusha kuwa Oman nayo ilikuwa nayo, na ni kweli: mwaka 1990 walihesabiwa wagonjwa zaidi ya 30,000. Kampeni ya kuitokomeza ikaanza mwaka 1991 upande wa Ash Sharqiyah, na mwaka 2004 hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya nchi. Basi jamani, inawezekana.

Ndugu zangu, saratani hii inatibika. Burkitt mwenyewe aliponya baadhi ya watoto kwa dawa tu miaka ya 1960, na mwaka 1967 kikafunguliwa kituo chake Mulago. Kwetu siku hizi Bugando, Mwanza, wanatibu saratani. Ukimwona mtoto taya au tumbo linavimba haraka, usimpeleke kwa mganga, usingoje mwezi uishe. Hospitali, siku ileile. Na chandarua kile kisifunikie vifaranga.