Samaki wa Ijumaa mjini Milwaukee

Wahamiaji Wakatoliki kutoka Ujerumani na Poland waliojaa Milwaukee, Marekani, hawakula nyama siku ya Ijumaa. Pombe ilipopigwa marufuku, 1920 hadi 1933, wenye vilabu walivuta wateja kwa samaki wa kukaanga wa bei nafuu kutoka Ziwa Michigan. Mwaka 1966, baada ya Papa Paulo VI kutoa hati ya Paenitemini, maaskofu wa huko waliondoa wajibu huo nje ya Kwaresima, lakini Ijumaa ibaki siku ya toba. Ruhusa ilikumbukwa haraka kuliko toba! Sahani iliyofurika hotelini twasita kuiita mfungo. Hata hivyo, kila Kwaresima parokia nyingi hukaanga samaki kumbini, na mapato huchangia kazi za parokia.