Maji ya Kakamega na Maporomoko ya Jinja

Mto Isiukhu hupita katika msitu wa Kakamega, ukaungana na Nzoia, na Nzoia humwaga maji yake katika Ziwa Victoria huko Budalang'i. Mto Yala nao, kusini mwa msitu huohuo, huishia ziwani. Mito hii ina mawe mengi, na kina chake hupanda na kushuka kwa kufuata mvua, hivyo haifai kushukwa kwa boti la mpira. Lakini maji yote ya ziwa yana mlango mmoja wa kutokea: Jinja, nchini Uganda, Mto Nile unapoanzia. Hapo mto haukauki mwaka mzima.

Maporomoko ya hapo yalikuwa na wenyewe kabla ya watalii. Kwa Wasoga, maporomoko ya Bujagali yalikuwa makao ya roho yenye jina hilohilo, na husimuliwa kwamba aliyepagawa nayo aliweza kuelea juu ya mawimbi ameketi kwenye nguo ya magome. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika mahali mto unapotoka ziwani tarehe 28 Julai 1862, akayaita maporomoko ya hapo Ripon. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954, liliyazamisha. Umeme wake ulivuka Tororo ukaingia Kenya.

Biashara ya kushuka mto kwa boti la mpira ilianza Jinja mwaka 1996. Abiria huketi ukingoni mwa boti, mguu umebanwa sakafuni, kasia mkononi; nahodha hukaa nyuma akiamuru: pigeni mbele, rudisheni, inameni! Vijana wa Bujagali walikuwa na chombo chao wenyewe: dumu la njano la lita 20, mfuniko umekazwa. Walilikumbatia kifuani, wakajitupa katika povu, na kuibukia chini kupokea malipo ya watazamaji. Ulikuwa ustadi wa hali ya juu.

Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012, liliyazamisha maporomoko ya jina hilo. Matambiko ya kuihamisha roho yalifanywa, lakini vijana wa madumu hawakuwa na pa kuhamia. Isimba, la megawati 183, lilifuata mwaka 2019 na kufunika mawimbi mengine. Mkataba wa 2007 baina ya Uganda na Benki ya Dunia ulitenga maporomoko ya Kalagala na Itanda yasijengewe bwawa la umeme. Mkataba huo unastahili kulindwa kwa nguvu zote, kwa maana huko ndiko maji yaliyotoka Kakamega yangali yakinguruma.