Mlango wa Sinema mjini Chapel Hill

Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill, mji mdogo wa kusini mwa Marekani, kiliwapokea Weusi wa kwanza katika kitivo cha sheria mwaka 1951, na wa shahada ya kwanza mwaka 1955. Hata hivyo, jumba la sinema la Carolina, lililokuwa karibu kabisa na chuo, liliendelea kuwauzia tikiti Wazungu peke yao. Yaani, kijana aliyesoma na mwenziwe mchana katika darasa moja hakuruhusiwa kuketi naye jioni gizani!

Januari 1961 jumba hilo lilionyesha Porgy and Bess, filamu ya 1959 ambayo takriban waigizaji wake wote, akina Sidney Poitier na Dorothy Dandridge, ni Weusi. Basi mtu mweusi alifaa kutazamwa, hakufaa kutazama. Ndipo wanafunzi wa chuo na wa sekondari, Weusi kwa Wazungu, waliposimama mlangoni na mabango yao. Majumba ya sinema yalisalimu amri kabla ya Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Mikahawa kadhaa ya mji huo ilikuwa ingali inawafukuza wateja Weusi.