Fundi mmoja, bei mbili: historia ya duka na garaji ya barabarani katika Bukavu

Hapa Bukavu, kazi ileile juu ya pikipiki ileile ina bei mbili. Ukiipeleka kwenye duka linalouza pikipiki mpya za chapa yako, utapewa bei ya juu, karatasi, na siku ya kurudi. Ukiipeleka kwa fundi mwenye sanduku la funguo kando ya barabara, iwe Kadutu, Nyawera, Essence ao Panzi, utapewa bei ya chini na kazi itaanza wewe ukiwa umesimama pale pale. Wamotari wengi wanasema duka linaiba. Wenye maduka wanasema fundi wa barabarani anaharibu. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini hakuna anayeeleza namna gani tulifika hapa. Ili tujue tunalipa nini tunapolipa mkono wa fundi, turudi nyuma kidogo.

Garaji ya Mzungu na jioni ya Kadutu

Mpaka miaka ya 1950 mji huu uliitwa Costermansville, na ulikuwa makao makuu ya Kivu. Wakoloni wenye mashamba ya kahawa, chai na kinkina walikuwa na magari na malori. Makampuni ya mines, kama Minière des Grands Lacs iliyoundwa mwaka 1923, yalihitaji ateliye zao wenyewe, kwa sababu kutoka hapa hadi bahari ni mbali na piesi zilichukua muda mrefu kufika.

Ndani ya garaji za wakati ule, mkuu wa kazi alikuwa Mzungu na Mwafrika alikuwa msaidizi. Mishahara yao haikulingana hata kidogo. Mteja alilipa bei ya nyumba yenye jina, vifaa na stoki, hata pale ambapo mikono iliyofungua moteri ilikuwa ya msaidizi. Msaidizi huyo alipotoka kazini alirudi Kadutu ao Bagira, mitaa iliyotengwa kwa Waafrika, na ujuzi wake alirudi nao. Jirani mwenye baiskeli ao pikipiki iliyokufa alijua mlango wa kugonga, na hakulipa bei ya nyumba yenye jina. Alilipa mkono tu. Basi bei mbili za leo zilizaliwa tangu wakati huo: moja ya nyumba, nyingine ya mkono.

Mara tatu nyumba iliangushwa

Baada ya uhuru wa tarehe 30 Juni 1960, garaji zenye jina zilipigwa mara kwa mara. Kwanza, mwaka 1967, mamluki wa Jean Schramme walishika mji wetu kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Mji uliharibika vibaya, na wafanyabiashara wengi wa kigeni walikimbia.

Pili, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zaïrianisation. Biashara za wageni, Wagiriki, Wareno, Wabelgiji, Wahindi na Wapakistani, ziligawiwa Wazaire walioitwa acquéreurs. Wengi wao waliuza stoki iliyokuwa dukani bila kuagiza nyingine. Kuanzia mwaka 1975 na 1976 serikali ilijaribu kurudisha sehemu ya mali kwa wenyewe, lakini imani ilikuwa imekwisha kuvunjika. Duka linalowakilisha chapa linaishi kwa vitu viwili: piesi zinazofika bila kukatika, na mkataba na kiwanda cha mbali. Vyote viwili vilipotea, na mafundi wakabaki na funguo zao bila tajiri.

Tatu, miaka ya 1990. Uporaji wa Septemba 1991 ulianza Kinshasa na kusambaa katika miji mingi ya nchi. Bei zilipanda hata pesa ya asubuhi haikununua kitu jioni, na watu wakaanza kuhesabu kwa dola. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walivuka Ruzizi kwa maelfu na maelfu. Mwisho wa Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliingia Bukavu, na Agosti 1998 vita vingine vilianza. Ni nani angejenga ukumbi wenye vioo na stoki ya piesi za dola elfu nyingi katika miaka hiyo?

Fundi wa barabarani hakuwa na vioo vya kuvunjwa. Sanduku lake aliweza kulibeba kichwani na kukimbia nalo, kisha kurudi na kufungua tena chini ya mti uleule. Kwetu garaji ya barabarani haikuanza kama mshindani wa duka. Ilichukua nafasi iliyoachwa wazi.

Pikipiki ya padri na pikipiki ya motari

Katika miaka hiyo pikipiki zilizoonekana sana barabarani zilikuwa za misheni, za zoni za afya na za mashirika ya misaada: Yamaha AG100, Yamaha DT125, Honda XL125. Zilikuwa mashini za bei kali zilizotengenezwa kwa ajili ya njia mbaya, na mara nyingi shirika lilikuwa na fundi wake wa mshahara. Mafundi wengi walijifunza juu ya mashini hizo, wakafundisha wadogo wao.

Halafu, miaka ya 2000, ikafika pikipiki ya India. Bajaj Boxer na TVS zilibadilisha mji. Bei yake iliweza kufikiwa na mtu mwenye duka dogo, mwalimu, ao familia iliyouza ng'ombe. Vijana waliokosa kazi wakawa wamotari. Milima ya Bukavu, mitelemko yake na barabara zilizoliwa na mvua vilifanya pikipiki iwe njia ya kufika pale ambapo gari linashindwa.

Moteri yake ilikuwa pia rahisi kuelewa: silinda moja, kupozwa na hewa, kabureta, hakuna kompyuta. Fundi mwenye funguo chache, kipimo cha valvu na sikio zuri anaweza kufanya karibu kazi yote. Piesi zilianza kuja kwa wingi kupitia Kampala, Kigali na Bujumbura, za kiwanda na za kuiga, zikiuzwa rafu moja. Kwa hiyo wakati wauzaji wa chapa waliporudi Bukavu na kufungua maduka yenye ateliye nyuma, walikuta uwanja una wenyewe. Mahali pengine duka ndilo la zamani na fundi huru ndiye mgeni. Hapa ni kinyume.

Kuna nini ndani ya bei ya mkono?

Viwanda vya magari na pikipiki vina kitabu cha masaa. Kila kazi imepewa muda wake: kubadilisha diski za embrayage, muda fulani, kupanga valvu, muda fulani. Duka linazidisha muda huo kwa bei ya saa. Fundi akimaliza mapema, unalipa muda wa kitabu. Akichelewa, bado unalipa muda wa kitabu. Ndani ya bei ya saa kuna mshahara wa fundi, kodi ya nyumba, moto wa SNEL ao jenereta, vifaa maalum, taksi za serikali, na akiba ya kurudia kazi bure ikiharibika. Mshahara wa fundi mwenyewe ni sehemu tu ya bei hiyo.

Fundi wa barabarani hauzi saa. Anauza kazi nzima, kwa mapatano. Hana nyumba wala jenereta, na mara nyingi analipa taksi ndogo ya uwanja tu. Tena ana mwanafunzi mmoja ao watatu wanaofungua bulo, wanaosafisha kwa mafuta, na ambao kwa kawaida hawana mshahara isipokuwa chakula na pesa kidogo ya jioni. Tunaposifu bei ya chini ya barabarani, tukumbuke kwamba sehemu ya bei hiyo inalipwa na kijana asiyelipwa. Sehemu nyingine inalipwa na mteja mwenyewe, kwa sababu kazi ikiharibika hakuna karatasi ya kurudi nayo.

Wenzetu wa Kenya walikutana na jambo hili zamani. Mafundi wa nje wa Nairobi waliitwa jua kali, kwa sababu walifanya kazi bila paa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi la Kimataifa juu ya Kenya ilionyesha kwamba kazi hizo zisizoandikishwa zina faida kwa nchi na zinastahili kusaidiwa badala ya kufukuzwa. Marekani, sheria ya mwaka 1975 inakataza kiwanda kumwambia mteja kwamba garantii yake itakufa kwa sababu tu alitengenezesha kwa fundi huru ao alitumia piesi ya kampuni nyingine. Mwaka 2022 mamlaka ya biashara ya huko iliibana Harley-Davidson juu ya jambo hilohilo. Ugomvi wetu wa Nyawera si wa Nyawera peke yake.

Tuhesabu

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Si bei ya garaji yoyote. Kazi ya embrayage: duka linaomba dola 10 za mkono, barabarani dola 4. Motari anaona amepona dola 6. Lakini duka likiweka pikipiki siku mbili, na yeye anapaswa kumrudishia mwenye pikipiki dola 5 kila siku, duka limemgharimu dola 20, si 10. Kwa upande mwingine, fundi wa barabarani akiweka diski za kuiga, ao akikaza bulo kupita kiasi na kukata uzi wake, na kazi ikarudiwa mara mbili, dola 4 zinakuwa 12, pamoja na piesi mpya na siku zilizopotea. Bei ya mkono peke yake haitoshi kuonyesha nani ni ghali. Unapaswa kuongeza siku za kungoja, ubora wa piesi, na nani atalipa kosa likitokea.

Kwa hiyo historia inatufundisha kugawa kazi. Pikipiki mpya yenye garantii, irudishe dukani kwa vidanji na kwa kila kosa la kiwanda, na uombe garantii hiyo iandikwe: miezi mingapi, kilometa ngapi, piesi gani. Vidanji za kawaida baada ya hapo, sheni, frein, pine, buji na kabureta, fundi mzuri wa barabarani anaziweza. Kufungua moteri nzima ni kazi ya mtu unayejua wapi alijifunza na nani alimfundisha, iwe ndani ya ukuta ao nje.

Na popote unapokwenda, mapatano yafanyike kabla bulo ya kwanza haijafunguliwa. Kitabu chetu cha sheria za mikataba, cha tangu tarehe 30 Julai 1888, kinasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana. Karatasi ya daftari inatosha: tarehe, namba ya pikipiki, kazi, bei ya mkono, bei ya piesi kando, sahihi mbili. Piesi ya zamani urudishiwe mkononi. Fundi asiyekubali kuandika mistari mitano, anakuonyesha mapema atakavyokujibu kesho.

Jambo la mwisho ni la wale vijana wanaosafisha moteri bila mshahara. Bukavu ina shule za ufundi, kama ITFM, na ina garaji mamia za barabarani, lakini njia kati ya hizo mbili ni nyembamba. Kijana aliyefanya miaka minne chini ya mti anajua pikipiki kuliko wengi, na hana hata cheti kimoja. Chama cha wamotari, wakuu wa garaji na shule wangeweza kukaa pamoja na kumpa mtihani na karatasi. Siku atakapokuwa na karatasi hiyo, ataweza kuomba bei ya haki, na mteja atajua anamlipa nani. Tangu Februari 2025 mji umepita tena katika wakati mgumu, pesa ikawa kidogo na benki zikafungwa, na bado kila asubuhi masanduku ya funguo yanafunguliwa kando ya barabara. Watu hawa wamebeba usafiri wa mji wetu tangu vita hadi vita. Kuwadai kazi safi ni haki yetu. Kuwalipa wanavyostahili ni deni letu.