Injini haijui iko Kisumu

Wiki jana hapa Migosi, binamu yangu alikuwa karibu kuwekewa oili ya 20W-50 kwa Vitz yake ya teksi. Gari ya mkopo, na bado analipa kila mwezi. Kwa kifuniko cha oili imeandikwa wazi 0W-20. Fundi akacheka: "Hiyo ni maji, kijana wangu. Kisumu ni joto. Weka nzito." Gereji yote ikaitikia. Mimi nikanyamaza juu sikuwa na jibu, nikaenda kutafuta hii imani ilitoka wapi.

Kusema ukweli, fundi ana historia upande wake. Uliza mzee yeyote aliyepanda gari ya Nairobi miaka ya 70 na 80, atakutajia Peugeot. 404 ilishinda Safari Rally 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 mfululizo. 504 ikashinda 1975 na 1978, na ndiyo ilibeba abiria wetu miaka mingi. Injini za enzi hizo ziliachiwa nafasi kubwa kidogo kati ya vyuma, na oili yenyewe ilikuwa inalegea haraka ikipata moto. Ukiweka nyepesi, presha inashuka. Kwa hivyo kuweka 40 tupu ama 20W-50 ilikuwa akili kabisa. Mafundi wakafunza vijana wao, nao wakafunza wengine. Gari zikabadilika, somo likabaki.

Nambari zenyewe ni za zamani kuliko hata hizo Peugeot. Chama cha wahandisi wa magari Marekani, SAE, kilianza kupanga oili kwa unene mwaka wa 1911. Mwanzo ilikuwa nambari moja tu. Baadaye ikaja W, ya winter, majira ya baridi, kwa sababu kule kwao oili ilikuwa inaganda na gari inakataa kuwaka. Mpaka leo 5W inapimwa kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Nambari ya pili inapimwa kwa nyuzi 100, injini ikiwa imeshachemka.

Sasa skiza. Injini ikishapata moto, thamostati inaishikilia karibu nyuzi 90, uwe Kondele ama Hokkaido. Jua letu la saa nane mchana linabadilisha kidogo sana hapo ndani.

"Lakini hatuna barafu, 0W ni ya nini?" Swali poa. Asubuhi ya Kisumu ni kama nyuzi 18. Hata ikiwa nyuzi 40, oili ya 0W-20 ni nzito karibu mara tano kuliko ikiwa 100. Hakuna injini inaamka na oili nyepesi, hata huku kwetu. Unapowasha saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchukua mteja, ile nzito zaidi inachelewa kufika juu, na vyuma vinasuguana vikingoja.

Kenya hairuhusu mtumba uliozidi miaka minane, kwa hivyo injini zinazoingia zinazidi kuwa mpya. Kuna zile zinazotumia presha ya oili kusogeza muda wa valvu, kupitia vijia vyembamba sana. Mwaka wa 2013 SAE iliongeza hata gredi ya 16, nyepesi kuliko 20. Na oili nzito inakula mafuta ya petroli, kitu mtu wa teksi anaisikia mfukoni.

Siwezi danganya kwamba 20W-50 ingeua hiyo gari siku hiyo. Na injini iliyochoka, inayolamba oili, kupanda hadi 5W-30 ni jambo la kuongea na fundi. Ya binamu hailambi.

Tulinunua 0W-20, ikauma bei. Fundi aliimwaga akitikisa kichwa, akasema ikianza kugonga tusimrudie. Binamu anachomoa kijiti cha oili kila asubuhi, anakipangusa, anaangalia, ananitumia picha.