Mgeni, Mwenyeji na Kalamu: Tawasifu za Safari kwa Michoro chini ya Tawala za Kiimla

Wahakiki wa tawasifu za safari zinazosimuliwa kwa michoro aghalabu huanzia miaka ya 1990, Joe Sacco alipoanza kuchapisha Palestine (1993). Kwa upande wa fani, hoja hiyo ina mashiko. Lakini ikiwa suala ni jinsi mgeni anavyoyaona maisha ya kila siku katika nchi inayotawaliwa kiimla, hapana budi kurudi hadi Januari 1929, Hergé alipompeleka Tintin Urusi ya Kisovieti katika kurasa za Le Petit Vingtième, jarida la watoto la Brussels. Hergé hakuwa ameikanyaga nchi hiyo. Alitegemea kitabu cha Joseph Douillet, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Ubelgiji huko. Katika onyesho moja, wageni Waingereza wanastaajabia viwanda vinavyofuka moshi. Tintin anachungulia nyuma na kukuta majani makavu yakichomwa.

Onyesho hilo, japo ni propaganda tupu, limebeba kiini cha utanzu mzima: mwenyeji huandaa mandhari, mgeni hutazama. Ila Tintin ana uhuru wa kuzunguka nyuma ya pazia. Msafiri wa kweli hana.

Mnamo 2001 Guy Delisle, mchoraji mzaliwa wa Quebec, alikaa Pyongyang miezi miwili akisimamia filamu za katuni zilizokuwa zikichorewa huko kwa niaba ya kampuni ya Ufaransa. Kitabu chake, Pyongyang, kilitolewa na L'Association mwaka 2003. Wasomaji wengi hulipita jambo moja la kiuchumi: msimulizi huyu si mtalii wala mwanahabari, bali ni kiungo katika biashara inayouletea utawala ule fedha za kigeni. Delisle halifichi jambo hilo, ingawa halichimbi pia.

Mara nyingi atokapo hotelini yuko pamoja na mwongozaji au mkalimani. Anapouliza mbona walemavu hawaonekani barabarani, anajibiwa kwamba hawapo. Taifa zima huzaliwa na afya. Mchoro hauongezi neno. Penseli ya kijivu, barabara pana zilizo tupu, na picha za baba na mwana ukutani katika kila chumba zinatosha. Hapa ndipo michoro inapoushinda mpigo wa kamera: kilichokatazwa kupigwa picha hubebwa kichwani na kuchorwa baadaye nyumbani.

Lakini kejeli ya Delisle ina gharama, na si yeye anayeilipa. Anamwazima mwongozaji wake riwaya ya Orwell, 1984. Mtu yule anairudisha kwa wasiwasi, akisema hapendi hadithi za kubuni za kisayansi. Msomaji hucheka. Je, anamcheka nani? Mgeni ana tiketi ya kurudi. Mwenyeji ana jamaa, kazi, na pengine ripoti ya kuandika. Mtu asiye na uhuru wa kujibu amegeuzwa kuwa mhusika wa kuchekesha, naye hakuulizwa. Kwa kiasi hicho, Delisle yuko karibu na Hergé kuliko wapenzi wake wanavyokiri.

Chroniques birmanes (2007) ni kazi iliyokomaa zaidi. Delisle yuko Rangoon kama mume wa mfanyakazi wa Médecins Sans Frontières, akimlea mtoto. Kigari cha mtoto kinamfikisha pasipofikiwa na msafara rasmi: kwa majirani, sokoni, na hata kwenye kizuizi cha njia ya nyumbani kwa Aung San Suu Kyi, ambako walinzi wanamrudisha. Udhibiti hauonyeshwi kwa sanamu kubwa tena, bali kwa gazeti lililokatwa kurasa na umeme unaokatika. Uhamisho wa makao makuu ya serikali kwenda Naypyidaw mwaka 2005 unamfikia kama uvumi, sawa na unavyowafikia majirani.

Utamaduni wa Kiswahili nao unamjua msafiri wa namna hii. Salim bin Abakari, Mngazija, aliandamana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, wakati wa utawala wa mfalme. Masimulizi yake yamo katika mkusanyiko wa Velten, Safari za Wasuaheli (1901). Alitazama akiwa mtumishi, hali ambayo si Hergé wala Delisle aliyeijua. Masimulizi yake bado hayajasomwa sambamba na kazi hizi, japo yeye ndiye pekee kati yao aliyejua pande zote mbili za amri.