Kutoka Gogo hadi Nywila: Historia ya Kitenzi cha Kiingereza "Log In"

Kitenzi cha Kiingereza "log in" hufasiriwa kwa kawaida kuwa ni kuingia katika mfumo wa kompyuta. Fasiri hiyo ni sahihi kimatumizi, lakini inaficha nasaba ya kitenzi chenyewe. Dhana ya kuingia imebebwa na kielezi "in" peke yake. "Log" kwa asili ni gogo.

Kinachounganisha gogo na kompyuta ni bahari. Mwaka 1574 William Bourne, katika kitabu chake A Regiment for the Sea, alieleza jinsi mabaharia wa Uingereza walivyopima mwendo wa meli. Kipande cha ubao kilichofungwa kamba kilitupwa nyuma ya meli. Ubao ukabaki karibu na pale ulipoangukia, meli ikasonga mbele, na kamba ikaachiwa kwa muda maalumu. Baadaye kamba ilitiwa mafundo yenye nafasi sawa, na muda ukapimwa kwa saa ya mchanga. Idadi ya mafundo yaliyopita mkononi mwa baharia ndiyo iliyokuwa mwendo wa meli, na ndiyo sababu hadi leo Kiingereza hutaja mwendo huo kwa neno la fundo. Hesabu iliandikwa katika kitabu cha safari, kitabu kikarithi jina la gogo, kisha kuandika humo nako kukawa kitenzi.

Kwa hiyo, kitenzi hiki kilipofika kwenye kompyuta kilikuwa na maana ya kuweka rekodi. Mfumo wa CTSS, uliobuniwa katika chuo cha MIT nchini Marekani chini ya uongozi wa Fernando Corbató na kuoneshwa Novemba 1961, uliwawezesha watu kadhaa kutumia mashine moja kwa wakati mmoja. Amri ya "login" imo katika mwongozo wake wa mwaka 1963. Muda wa mashine ulikuwa ghali na uligawanywa kwa mafungu, hivyo ilibidi ijulikane nani anautumia na kwa kiasi gani. Ubanifu huo haukuvumiliwa na wote: mwaka 1962 Allan Scherr, aliyekuwa na saa nne tu kwa wiki, aliiamuru mashine ichapishe faili la nywila za watumiaji wote, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe.

Tovuti za Kiswahili hutumia "ingia" na "toka". Uteuzi huo ni mwepesi na umezoeleka, ila unamwonesha mtumiaji mlango bila kumwonesha daftari lililo mlangoni. Rekodi zenyewe huitwa kumbukumbu, jina lisilo na uhusiano wowote na "ingia". Hata hivyo, kamusi za zamani za Kiswahili zina neno batli, yaani kumbukumbu za mwendo wa chombo baharini, na "kutia batli" kulikuwa ndiko kuutupa ubao ule majini.